Ndoano ipi kwa samaki wa mpira? Njia tano za kuvua kwenye majani ya Hombolo na Mtera

Ukifungua video za uvuvi kwenye simu siku hizi humkosi yule samaki wa mpira laini, chambo bandia: mwili mnene, mkia mpana, anavutwa majini huku akitikisa kiuno. Wengi wanaomwonyesha ni Wamarekani, na wanamtafuta besi mdomo mkubwa, samaki anayevizia kwenye majani ya maziwa kama Okeechobee huko Florida au Guntersville huko Alabama. Huku kwetu katikati ya Tanzania besi hatumjui. Kenya wanaye Naivasha, alikopandikizwa mwaka 1929. Sisi tuna kambale, na majani tunayo tele: matete ya bwawa la Hombolo, nyasi zinazofunikwa na maji kule bwawa la Mtera mvua zikikolea, vinamasi vya Bahi. Vifaa ni vya kwao, samaki ni wetu, ila swali la mnunuzi halibadiliki: nimvike samaki huyu ndoano ya namna gani ili asirudi kila mara amebeba fungu la majani?

Kwa mwenye haraka: kama una ufito wenye rili (kile kigurudumu cha kukunjia mshipi), anza na ndoano pana yenye uzito tumboni. Kama unavua kwa mwanzi, nunua ndoano pana tupu na machubwi madogo yenye ncha, ufunge kwa mtindo wa Texas. Kama una mshipi wa mkono tu, soma sehemu ya mshipi wa mkono kabla hujatoa hela. Sababu zinafuata, na hizo ndizo zitakazokufaa siku utakapokuta maji tofauti na haya ninayoyazungumzia.

Yatazame majani kwanza

Watu huanza kwa kubishania rangi ya samaki wa mpira. Rangi ni ya mwisho. Cha kwanza ni kujua majani yamekaa wapi ndani ya maji. Kuna majani yaliyozama, yaani ukichungulia kutoka kwenye mtumbwi unayaona chini na juu yake kuna maji wazi ya goti au zaidi. Kuna yale yaliyofika juu na kujilaza kama mkeka, maji huyaoni mpaka upate tundu. Halafu kuna yaliyosimama, kama matete, shina hapa na shina pale, na kati yake vijia vya maji. Njia inayong'ara kwenye aina moja inaweza kukuaibisha kwenye nyingine.

Na kwetu aina hizo hubadilishana ndani ya mwaka mmoja. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili. Maji yakipanda yanafunika nyasi za ukingoni, nyasi changa, laini, zimesimama kwenye maji ya futi mbili tatu, na kambale huingia humo kula na kutaga. Ikifika Septemba na Oktoba maji yamerudi nyuma, ukingo umebaki tope, na majani yaliyosalia yamefika juu. Bwawa ni lile lile, mvuvi ni yule yule, lakini ndoano ya Februari si ya Oktoba.

Mtera ina lake la ziada: miti iliyokufa ikiwa imesimama majini tangu mto Ruaha Mkuu ulipozibwa. Ndoano iliyo wazi hukwama kwenye matawi yale hata pale ambapo hakuna jani hata moja. Kwa hiyo mambo mengi ninayosema kuhusu majani, kule yasome pia kama majani na magogo.

Ndoano pana yenye uzito tumboni

Hii ni ndoano yenye mdomo mpana, na kwenye mti wake pameyeyushiwa kipande cha risasi ambacho samaki akishavikwa hukaa chini ya tumbo lake. Nyingi zina springi ndogo karibu na tundu la kufungia mshipi. Springi hiyo unaizungusha mpaka iingie puani mwa samaki wa mpira, halafu ncha ya ndoano unaipitisha tumboni itokee mgongoni, kisha unairudisha ijifiche kidogo tu chini ya ngozi ya mpira. Jani likipita halikuti ncha ya kudaka. Samaki akibana, mpira unasinyaa na ncha inatokeza.

Ubora wake uko kwenye mahali uzito ulipokaa. Risasi ikiwa tumboni samaki wa mpira hapinduki. Anasimama wima hata ukimvuta polepole sana, na ukimwachia azame anazama akiwa amelala sawa, mkia ukiendelea kupiga. Huo mwendo wa polepole ndio tunaouhitaji kwa kambale. Unamvuta juu ya majani yaliyozama, ukihisi mkia ukigusa vilele vya majani, ukifika kwenye tundu unasimamisha mkono na kumwacha adondoke. Hakuna njia nyingine kati ya hizi tano inayofanya kazi hiyo moja vizuri kama hii.

Kwa samaki wa mpira wa inchi 4 chukua ndoano namba 4/0. Kwa wa inchi 5, namba 5/0 au 6/0. Uzito wa gramu 3.5 unatosha maji ya kiunoni kwenda chini. Gramu 7 ni ya maji marefu zaidi au siku za upepo, na mwenye kuishi Dodoma hahitaji kuelezwa upepo wa Agosti unavyompokonya mtu mshipi. Zaidi ya hapo uzito unaanza kumshusha samaki ndani ya majani badala ya kumpitisha juu yake.

Kosa la wengi liko kwenye kumvika. Laza ndoano ubavuni mwa samaki wa mpira kabla hujamtoboa, utie alama kwa kucha pale mahali ambapo ndoano inapaswa kuingilia. Ukikosea kwa nusu sentimita tu mwili unajikunja, na samaki aliyejikunja huzunguka majini na kuusokota mshipi wako wote. Hili la kujikunja lina chanzo kingine kwa wakazi wa huku: joto. Samaki wa mpira aliyeachwa ndani ya gari au kwenye mfuko juani anashika umbo alilobanwa nalo. Tupa? Hapana. Mchovye kwenye maji ya moto nusu dakika, mnyooshe, mwachie apoe akiwa amelala kwenye kitu bapa. Na usichanganye samaki wa viwanda tofauti kwenye kopo moja, maana mipira mingine hulana na kuwa uji, na hata kopo la plastiki ngumu linaweza kulainika.

Udhaifu wake ni bei na upatikanaji. Hutaikuta kwenye duka la nyavu la kawaida; ni ya kuagiza Dar es Salaam au nje ya nchi, na ndoano mbili tatu zikiisha kwenye magogo ya Mtera unaanza upya kusubiri mzigo. Lakini unaweza kujitengenezea. Chukua ndoano pana ya kawaida, zungushia mti wake waya wa risasi anaotumia fundi redio kuunganishia, mizunguko iliyobanana, uikaze kwa koleo. Haipendezi macho ila inaogelea. Kuyeyusha risasi ya betri za magari jikoni ni jambo jingine kabisa, usilifanye. Moshi na vumbi la risasi ni sumu, na watoto ndio wanaoumia zaidi.

Ndoano pana tupu

Ndoano ile ile, uvikaji ule ule, bila risasi. Faida yake ni moja: samaki wa mpira anabaki juu kabisa, mkia unakwaruza uso wa maji na kuacha mkondo nyuma yake. Pale ambapo majani yamefika sentimita chache tu chini ya uso wa maji, na gramu 3.5 ingezama na kunasa, hii inateleza. Kwenye majani yaliyolala juu pia inavutika, ukiinua ufito na kuendelea kukunja rili bila kusita, kisha inadondoka polepole ikifika kwenye tundu.

Haina cha kuiweka wima. Ukivuta kwa kasi inalala ubavu. Kurusha ni tabu: wa inchi 4 ni mwepesi, na upepo ukiwa usoni utamwona akirudi miguuni mwako. Wa inchi 5 mwenye chumvi ndani ya mpira ni mzito zaidi na huruka vizuri, ingawa naye huzama haraka kidogo.

Mimi naiona kama njia ya saa moja ya jioni, upepo ukishatulia, kwenye nyasi changa za Hombolo baada ya mvua. Nje ya hapo naipita.

Mtindo wa Texas

Hapa uzito umehama: chubwi lenye umbo la risasi ya bunduki limetoboka katikati, mshipi unapita ndani yake, na linakaa mbele ya pua ya samaki wa mpira. Ndoano ni pana, ncha imefichwa kama kawaida. Kwa kuwa ncha ya chubwi ndiyo inayotangulia, inapenya. Ukiidondosha kati ya matete inashuka mpaka chini bila kusimamishwa na kila jani.

Hiyo ndiyo nguvu yake, na udhaifu wake unatoka hapo hapo. Kitu kinachotangulia kwa pua kinazama kwa pua. Samaki wa mpira anashuka kichwa chini, mkia haupigi kama ukiwa na uzito tumboni, na ukimvuta anarukaruka kwa kushuka na kupanda badala ya kuogelea. Kama lengo lako ni kuogelesha juu ya majani, Texas itakukatisha tamaa, na utamlaumu samaki wa mpira bure. Kama lengo ni kumfikisha mahali ambapo kambale amelala kwenye kivuli chini ya shina, hakuna mshindani.

Jambo dogo linaloamua: chubwi lazima lizuiwe lisiteleze. Lisipozuiwa, chubwi linashuka upande huu wa shina na samaki wa mpira anabaki upande ule, mshipi umelizunguka shina, na umekwama. Wenye vifaa hutumia kizuizi cha mpira. Kijiti cha kuchokolea meno kinatosha: kisukume ndani ya tundu la chubwi kando ya mshipi, uvunje kinachobaki nje.

Sasa, kwa nini nilisema hii ni njia ya mwenye mwanzi? Kwa sababu kwenye matete hurushi, unachovya. Mwanzi wa mita tatu au nne, mshipi wa urefu karibu sawa na mwanzi, unasimama ukingoni au kwenye mtumbwi na kumshusha samaki wa mpira kwenye kila kijia cha maji, kimoja baada ya kingine, kimyakimya. Unamwacha afike chini, unamwinua kidogo mara mbili tatu, unahamia kijia kinachofuata. Mwenye rili ya bei mbaya hawezi kukuzidi hapo. Si mbinu ngeni hata kwa wale wa besi: kule California, miaka ya 1970, mvuvi Dee Thomas alijijengea jina kwa kuchovya chambo kwenye matete kwa ufito mrefu kupita kawaida, mpaka mashindano yakawekewa kikomo cha urefu wa ufito. Mtu wa Hombolo mwenye mwanzi wake hajawekewa kikomo na yeyote.

Chubwi la gramu 7 hadi 10 linatosha matete ya kawaida. Kwa majani yaliyolala mazito utaona kwenye video watu wakitumia gramu 28 na zaidi ili kutoboa. Inafanya kazi, lakini si kwa samaki huyu. Mkia wake mpana unadakwa na majani ukiwa unaingia na ukiwa unatoka. Kazi ya kutoboa ni ya vipande vya mpira vifupi visivyo na mkia.

Kichwa cha risasi, ncha nje

Ndiyo rahisi kuliko zote na ndiyo utakayoikuta kwa urahisi zaidi madukani: kichwa cha risasi kimeshikana na ndoano, samaki wa mpira anachomekwa, ncha ya ndoano inabaki wazi mgongoni. Anaogelea vizuri. Samaki akigusa ananasa, maana hakuna mpira wa kutoboa kwanza. Hata tone la supagluu puani likiwekwa, samaki wa mpira anakaa kwa muda mrefu bila kuteleza.

Kwenye majani mazito, hata hivyo, ni ufagio. Kila mvuto unaleta majani, na samaki wa mpira aliyebeba jani moja mkiani haogelei tena. Ipe nafasi mahali pawili tu: pembezoni mwa majani, ukivuta sambamba na ukuta wake badala ya kuuingia; na kwenye maji ya kiangazi ambapo bwawa limerudi nyuma na kuacha majani nchi kavu.

Ukiwa dukani na vichwa viko vya aina mbili, angalia tundu la kufungia mshipi limekaa wapi. Vichwa vya mviringo vyenye tundu juu ya utosi hukusanya majani kwenye ile kona kati ya mshipi na kichwa. Vyenye ncha mbele na tundu kwenye ncha yenyewe huyasukuma majani kando. Havipiti kwenye majani mazito, ila vinavumilia machache.

Samaki mtupu ndani

Huyu ni wa mpira mwembamba usio na kitu katikati, anavikwa ndoano pacha inayolala kwenye mgongo wake. Akibanwa anabonyea wote, kwa hiyo hunasa vizuri kuliko wale wa mpira mzito. Ni mwepesi, anapita juu ya majani bila shida. Lakini anajaa maji, anapasuka upesi, na ni ghali. Kwa kambale mwenye taya pana za kusaga sioni sababu ya kumnunua.

Kwa kuziweka ubavu kwa ubavu

| Njia | Majani yaliyozama | Majani yaliyolala juu | Matete | Bei na kupatikana |
|---|---|---|---|---|
| Uzito tumboni | Bora kabisa | Hapana, isipokuwa yawe na matundu mengi | Inapita, haifiki chini ya shina | Ya kuagiza. Inatengenezeka nyumbani |
| Ndoano tupu | Nzuri yakiwa karibu na uso | Nzuri upepo ukitulia | Wastani | Nafuu |
| Texas | Inarukaruka tu | Kwenye matundu | Bora kabisa | Nafuu |
| Kichwa cha risasi | Pembezoni tu | Usijaribu | Pembezoni tu | Rahisi kupatikana |
| Mtupu ndani | Wastani | Nzuri | Wastani | Ghali |

Jedwali halisemi kitu kimoja: mshipi. Njia zote za kuficha ncha zinadai nguvu ya kutosha kuutoboa mpira kabla ya kumfikia samaki, na mshipi wa nailoni unaovutika hula nusu ya nguvu hiyo. Mshipi wa kusuka hauvutiki, na ukikazana unakata mashina laini badala ya kukwama. Wa paundi 40 au 50 unatosha. Ukiwa na bajeti ya kitu kimoja tu, na ufito na rili unavyo tayari, nunua mshipi wa kusuka kabla ya ndoano za kupendeza. Nimeona watu wakilaumu ndoano iliyofichwa kwamba "haishiki", kumbe wanavuta kwa nailoni nyembamba kutoka umbali wa mita thelathini.

Kwa mwenye mshipi wa mkono

Wavuvi wengi wa huku hawana rili, wana mshipi uliozungushiwa kwenye kijiti au chupa. Nitasema wazi: kwao samaki wa mpira ni matumizi mabaya ya hela, isipokuwa kwa njia moja.

Sababu ni pembe ya mvuto. Ufito ulioinuliwa humvuta samaki wa mpira kwa juu, akapita juu ya majani. Mkono wa mtu aliyekaa ukingoni uko karibu na usawa wa maji, kwa hiyo unamvuta kuelekea ndani ya majani. Uzito tumboni hautakuokoa. Ndoano tupu haitaruka hata mita kumi. Njia inayobaki ni Texas yenye chubwi zito kidogo, gramu 10 hadi 14, ikishushwa wima kutoka kwenye mtumbwi kando ya majani, kuinua na kushusha. Hiyo inakubali.

Vinginevyo baki na chambo chako cha nyama, ila chukua kwa hawa wa besi ile akili ya kuficha ncha. Ndoano pana namba 4/0, ukanda wa mnofu wa perege wenye ngozi, upana wa vidole viwili: toboa upande wa ngozi kwenye ncha ya ukanda, vuta mpaka kwenye tundu la mshipi, geuza ndoano, ncha uirudishe ikalale chini ya ngozi ya mwisho mwingine. Ni uvikaji wa Texas bila mpira. Unapita kwenye nyasi ambako ndoano yako ya kawaida ingekwama kila mara, na kambale anapenda harufu.

Usimfuate samaki kwa miguu ndani ya nyasi zile. Konokono wa kichocho wanapenda maji yaliyotulia yenye majani, na Mtera kuna mamba na viboko. Na kabla hujaweka ndoano majini pitia kwa ofisa uvuvi wa halmashauri ujue kibali kinachohitajika, na kama uvuvi uko wazi msimu huo.

Kambale si besi

Ulinganisho wote huu ungekuwa wa kubabaisha kama nisingesema samaki wetu anabadilisha nini. Besi huwinda kwa macho zaidi, mchana kweupe. Anaona kivuli kinapita juu ya majani na kupanda kwa kishindo. Kambale hutegemea sharubu na harufu, na huwa hai zaidi jua likizama. Maji ya Hombolo mara nyingi ni ya udongo. Kwa hiyo kile kinachomfikia kambale kwenye samaki wa mpira ni mtikisiko wa mkia, basi, na harufu ukiiongeza mwenyewe.

Hii inapendelea njia zinazokwenda polepole. Ndoano yenye uzito tumboni inapanda alama, na Texas inayokaa chini sekunde kadhaa bila kuguswa inapanda pia. Ndoano tupu inayokwaruza juu inashuka: inamfaa besi kuliko kambale, japo usiku kwenye maji mafupi kambale hupanda. Chagua mkia mnene unaopiga kwa nguvu hata kwa mwendo mdogo, rangi ya giza au nyeusi. Kwenye ule mwanya ulio tumboni au mgongoni mwa samaki wengi wa mpira, ingiza kipande cha utumbo wa kuku au ngozi ya samaki. Wapenzi wa mtindo halisi watanuna, waache.

Kunasa kwenyewe kuna tofauti. Kichwa cha kambale ni mfupa, kwa hiyo ndoano iwe ya waya mnene na ncha iwe kali kiasi cha kukwaruza ukucha. Besi humeza kwa pigo moja na watu hushtua mara moja. Kambale mara nyingi hushika mkia kwanza na kutembea nao. Ukihisi uzito, shusha ufito, mwachie ageuke, mshipi ukikaza ndipo vuta kwa upande, mvuto mrefu, na usimpe nafasi ya kuzunguka shina. Hapo utaona kwa nini nilisisitiza mshipi wa kusuka.

Perege usimhesabu kabisa. Chakula chake ni mimea midogo ya majini na mabaki ya chini, samaki wa mpira wa inchi 4 hana habari naye. Anayetaka perege aendelee na nyungunyungu na ndoano ndogo.

Aliyebaki ni yule wa Mtera mwenye meno yaliyotokeza nje, ambaye wavuvi wa michezo humwita taigafishi. Huyu anawinda kwa macho na kwa kasi, na kwa tabia angemfaa samaki wa mpira kuliko kambale, lakini anamkata mkia kwa pigo la kwanza na kuacha kichwa kwenye ndoano. Humpati kwenye majani mazito pia. Unamtafuta maji wazi, karibu na miti iliyokufa. Ukimlenga yeye weka pembeni zote tano: chukua kijiko cha chuma kinachomeremeta, ndoano moja imara, na kipande cha waya wa chuma wa urefu wa kiganja na nusu kati ya kijiko na mshipi.